Nyumbani Hukaa Wapi Ndani ya Muziki? Angels Cry ya Angra na Santuri za Siti binti Saad

Bendi ikitoka mbali na pale muziki wake ulipozaliwa, albamu yake ya kwanza haisikilizwi hivi hivi, hukaguliwa. Msikilizaji anataka kujua ngoma ya kwao iko wapi na ala ya kwao inalia dakika ya ngapi. Asipozisikia, hutoa hukumu ya haraka: hawa wameiga. Akizisikia kwa mbali, hubadilisha hukumu bila kuipa uzito zaidi: hawa wametia chumvi ya kwao kwenye chungu cha wenzao. Hukumu zote mbili zimeiandama Angels Cry, albamu ya kwanza ya bendi ya Angra kutoka São Paulo, Brazili, iliyotoka mwaka 1993. Naamini zote mbili zimekosea, na zimekosea kwa sababu moja. Zinamtafuta msanii kwenye orodha ya ala. Nyumbani kwa mwanamuziki kunaweza kukaa ndani ya lugha, ndani ya mapigo, au ndani ya ngazi ya sauti anayoimbia, na ni nadra kukaa kote kwa wakati mmoja. Kazi ya mhakiki ni kutambua kumekaa wapi.

Ili hoja hii ionekane, nitaiweka Angels Cry kando ya santuri ambazo Siti binti Saad na wenzake wa Zanzibar walirekodi Bombay mwaka 1928, kisha niongeze Hope, albamu ya bendi ya Myrath ya Tunisia iliyotoka mwaka 2007. Metali na taarabu hazina undugu wa damu, na sitajaribu kuzitungia babu mmoja. Zinalingana katika hali: wasanii wanaochukua umbo la muziki lililokomaa kwingine, wanarekodi chini ya mikono na mitambo ya watu wengine, na kila mmoja analazimika kuamua nini chake atakishika na nini atakiachia.

Tuanze na Brazili yenyewe. Nchi hiyo ilitawaliwa na wanajeshi kuanzia 1964 hadi 1985. Januari 1985, jijini Rio de Janeiro, lilifanyika tamasha la kwanza la Rock in Rio. Walipanda jukwaani Queen, Iron Maiden, AC/DC, Scorpions na Ozzy Osbourne, na tamasha likiwa bado linaendelea, tarehe 15, Tancredo Neves alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa kiraia baada ya miaka 21. Kwa vijana wa miji mikubwa, gitaa lenye sauti kali na pumzi ya uhuru viliingia kwa mlango mmoja. Miaka miwili baadaye bendi changa ya São Paulo iitwayo Viper ikatoa Soldiers of Sunrise. Mwimbaji wake, Andre Matos, aliyezaliwa Septemba 1971, alikuwa bado hajatimiza miaka kumi na sita albamu hiyo ilipotoka. Albamu yao ya pili, Theatre of Fate ya 1989, ilielekea kwenye muziki wa klasiki wa Ulaya. Matos alitaka kwenda mbali zaidi katika njia hiyo, wenzake wakataka ukali wa moja kwa moja, akaondoka. Akasomea muziki chuoni, na mwaka 1991 yeye na mpiga gitaa Rafael Bittencourt wakaanzisha Angra. Baadaye walijiunga nao Kiko Loureiro kwenye gitaa na Luis Mariutti kwenye besi.

Muziki walioulenga ulikuwa na wenyewe. Pawa metali ilipata sura yake Hamburg, Ujerumani, kwa bendi ya Helloween na albamu mbili za Keeper of the Seven Keys, za 1987 na 1988: dramu za kasi zinazopigwa kwa miguu miwili bila kupumzika, magitaa mawili yanayocheza melodia moja kwa sauti mbili, mwimbaji wa sauti ya juu sana, na viitikio vinavyotaka kuimbwa na uwanja mzima. Upande wa progresivu ulikuwa na mabwana wengine, Wamarekani kama Queensrÿche na Dream Theater, waliorefusha nyimbo, wakabadilisha vipimo katikati ya wimbo na kudai msikilizaji akae macho. Kuunganisha mikondo hiyo miwili lilikuwa jambo gumu kwa bendi yoyote. Kwa bendi ya Amerika Kusini iliyokuwa haijatoa albamu hata moja, lilihitaji ujasiri.

Wakaenda Hamburg kwenyewe. Albamu ilirekodiwa kwenye studio ya Kai Hansen, mpiga gitaa aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Helloween na ambaye wakati huo aliongoza Gamma Ray. Maprodyuza walikuwa Charlie Bauerfeind na Sascha Paeth, Wajerumani wote wawili. Karibu dramu zote za albamu hazikupigwa na Mbrazili; zilipigwa na Mjerumani, Alex Holzwarth, na Ricardo Confessori, aliyekuja kuwa mpiga dramu wa bendi kwa miaka iliyofuata, aliingia kazi ikiwa imekwisha. Mkaguzi wa haraka angefunga jalada hapa: studio ya Hamburg, maprodyuza wa Kijerumani, dramu za Kijerumani, maneno ya Kiingereza. Kibrazili kiko wapi?

Tuusikilize muziki kabla ya kujibu. Albamu inafunguliwa na kipande kifupi cha okestra, Unfinished Allegro, kilichojengwa juu ya simfoni ya nane ya Franz Schubert, ile aliyoianza mwaka 1822 na hakuimaliza. Kabla msikilizaji hajakaa vizuri, inaingia Carry On kwa mbio zote za pawa metali. Wimbo unaobeba jina la albamu unachukua kipande cha Caprice namba 24 ya Niccolò Paganini na kukitia kwenye magitaa. Ndani ya Evil Warning zinasikika nyuzi za Majira ya Baridi ya Antonio Vivaldi. Katikati ya albamu Matos anaimba Wuthering Heights, wimbo uliomfikisha Kate Bush kwenye namba moja ya Uingereza mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 19, na anauimba kwenye kimo kilekile cha sauti ya kike bila kukwepa noti ngumu. Albamu inafungwa na Lasting Child, ambamo piano na kwaya hupewa nafasi ambayo bendi nyingi za wakati ule zingeyapa magitaa.

Hii ni orodha ya Ulaya, ndiyo, lakini tazama namna inavyotumika. Schubert, Paganini na Vivaldi hawakuwekwa kama picha ukutani. Vipande vyao vimefanywa viungo vya ujenzi: kimoja kinafungua mlango, kingine kinaunganisha sehemu mbili za wimbo, kingine kinakuwa kisa cha mabadiliko ya kasi. Vijana hawa walikuwa wamesomea utunzi, na walikuwa wakidai urithi. Muziki wa klasiki umefundishwa na kupigwa Brazili kwa karne nyingi. Heitor Villa-Lobos alikwisha kumkalisha Johann Sebastian Bach na nyimbo za kwao kwenye meza moja katika Bachianas Brasileiras, alizozitunga kati ya 1930 na 1945. Kumwambia Mbrazili kwamba Bach ni wa watu wengine ni kumnyima sehemu ya historia yake mwenyewe. Kwa hiyo Angra walipofika Hamburg hawakufika kuomba. Walifika wakiwa na elimu ambayo wengi wa wenyeji wa pawa metali hawakuwa nayo.

Halafu unafika wimbo wa sita, Never Understand. Unaanza na magitaa yanayocheza baião, mdundo wa kaskazini-mashariki ya Brazili, nchi ya ukame ambayo mwimbaji Luiz Gonzaga aliipeleka masikioni mwa taifa zima kwa redio na santuri katika miaka ya 1940. Baião ya asili hupigwa kwa akodiani, ngoma kubwa iitwayo zabumba, na pembetatu ya chuma. Siri yake iko kwenye zabumba. Kipimo kikigawanywa vipande vinane vilivyo sawa, pigo zito linaanguka kwenye kipande cha kwanza, kisha la pili linawahi na kuanguka kwenye cha nne, kabla ya mahali ambapo sikio lililozoea mwendo wa gwaride lingelitarajia. Kuwahi huko ndiko kunakoutikisa mwili. Pawa metali ya Kijerumani inafanya kinyume kabisa: kila nafasi inajazwa kwa usawa, miguu inatiririsha mapigo kama mvua isiyobadilika, na nguvu inatokana na usawa huo. Kuyakutanisha mapigo yanayowahi na mapigo yanayotiririka kunamtaka mtunzi aamue pigo gani litawale na ubeti usimame juu ya lipi. Ni kazi ya utunzi kutoka mizizini.

Hapa ndipo ule mkono wa Kijerumani kwenye dramu unapogeuka kuwa ushahidi wa upande wangu. Kama Ubrazili wa albamu hii ungekaa kwenye pasipoti za wapigaji, ungepotea siku Holzwarth alipoketi kwenye dramu. Haukupotea, kwa sababu ulikuwa umeandikwa ndani ya wimbo kabla ya safari. Mapigo yakishatungwa vizuri humwongoza hata mpigaji ambaye hakulelewa nayo. Nyumbani kwa Angra, katika albamu hii, kulikaa ndani ya mapigo na ndani ya elimu ya utunzi. Hakukukaa ndani ya lugha.

Lugha waliiachia, na sababu yake ilikuwa soko. Angels Cry ilitangulia kutoka Japani, na huko ndiko ilikopata wanunuzi wake wa kwanza kwa wingi. Muziki huu ulikuwa umejenga hadhira ya kimataifa iliyozoea Kiingereza, kiasi kwamba hata Helloween, Wajerumani wanaoimba nyumbani kwao, waliimba Kiingereza. Bendi ya São Paulo iliyotaka kusikika Tokyo na Hamburg iliona Kireno kama mlango uliofungwa. Sioni haja ya kuwalaumu, lakini hasara ni hasara. Maneno ya albamu hii yanazunguka kwenye wakati, tumaini na malaika wanaolia, mambo ambayo yangeweza kuandikwa mahali popote. Mtu wa São Paulo hawezi kuyasikia maneno hayo akatambua mtaa wake.

Sasa tuvuke hadi Bahari ya Hindi, tukakutane na mtu aliyeamua kinyume. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya asili ya watumwa na ya wafinyanzi. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alihamia mjini mwaka 1911 akiwa hana mali wala ukoo wa kumbeba. Taarabu aliyoikuta ilikuwa ya wakubwa. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze muziki huo, na kwa miaka mingi uliimbwa kwa Kiarabu kwenye majumba ya kifalme. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa, na mtindo wake ulikuwa uleule wa Misri. Umbo lilikuwa limekuja kamili kutoka Kairo: udi, fidla, kanuni, dafu, na maqam zake, yaani ngazi za sauti.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice ilimpeleka Siti Bombay. Alifuatana na wenzake, wakiwemo Subeit bin Ambar, Maalim Shaaban, Buda bin Swedi na Mbaruk Effandi Talsam, bingwa wa udi wa Mombasa. Walisafiri na muziki waliorithi kutoka Misri, wakarekodi India kwa mitambo ya kampuni ya Waingereza. Ukiweka alama kwenye ramani utaona kwamba hakuna kitu cha Zanzibar katika safari ile isipokuwa watu wenyewe na maneno yao. Na maneno yalitosha kugeuza kila kitu. Siti aliimba hasa kwa Kiswahili, kwa beti zenye vina na mizani ambazo sikio la mwambao lilikuwa limezilea kwa karne nyingi. Kiswahili chake kilibeba habari za mtaa wa Ng'ambo, za mahakama, za wanaume waovu na wanawake walioonewa. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia kisa cha mwanamke aliyeuawa, muuaji akavuka kukimbilia bara, na wanawake waliosimama kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Kwa Kiarabu cha majumba ya kifalme habari ile isingekuwa na wa kuielewa mtaani. Kwa Kiswahili ikawa hukumu ya umma juu ya hukumu ya mahakama.

Kwa nini Siti aliweza kushika kile ambacho Angra walikiachia? Soko tena. Kampuni ilitaka kuuza gramafoni na santuri Afrika Mashariki, kwa hiyo ilihitaji lugha ambayo wanunuzi wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam wangeijua. Santuri za Bombay zilitengenezwa ng'ambo ili zirudi nyumbani. Angels Cry ilitengenezwa ng'ambo ili iende ng'ambo nyingine. Mwelekeo wa safari uliamua ni kitu gani kinaweza kubebwa. Shaaban Robert, alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, aliona ndani ya maisha hayo kielelezo cha mtu aliyejitengenezea heshima kwa kazi yake. Mimi naona pia kielelezo cha mtunzi aliyetambua kwamba umbo la kuazima linaweza kuwa lako kabisa mradi lugha yako iketi katikati yake.

Tofauti hii kati ya Siti na Angra ingeweza kumfanya mtu adhani lugha ndiyo jibu la mwisho. Myrath wanatuonya tusifike huko haraka. Bendi hii ya Tunisia ilianzishwa na mpiga gitaa Malek Ben Arbia, na Hope iliandaliwa na prodyuza Mfaransa Kévin Codfert, mpiga kinanda wa bendi ya Adagio. Hapa tena kuna mkono wa Ulaya kwenye usukani, na tena wanaimba Kiingereza, kwa sauti ya Elyes Bouchoucha, ambaye pia alipiga kinanda. Lakini nyumbani kwao kunakaa ndani ya maqam, yaani ndani ya ngazi ya sauti yenyewe.

Na hapa metali ina kikwazo kinachomgusa kila msikilizaji wa taarabu. Shingo ya gitaa imekatizwa na vyuma vidogo vinavyogawa sauti kwa nusu toni. Maqam ya Hijaz, yenye lile pengo pana la toni moja na nusu kati ya sauti ya pili na ya tatu, inakaa vizuri juu ya vyuma hivyo. Maqam za Rast na Bayati hazikai, kwa sababu zina sauti inayoangukia kati ya nusu toni mbili, mahali ambapo kidole cha mpiga gitaa hakikuti kitu. Udi na fidla hazina vyuma hivyo, ndiyo maana taarabu iliweza kurithi hata maqam za aina hiyo. Hii ndiyo sababu metali nyingi yenye harufu ya Mashariki huzunguka kwenye Hijaz kana kwamba dunia ya Waarabu ina ngazi moja tu. Bendi inayotaka kwenda mbele ya hapo lazima iachie sauti ya binadamu, fidla au kinanda kilichotuniwa upya vifanye kazi ambayo gitaa haliwezi. Ukisikiliza Myrath, sikiliza sauti ya mwimbaji inapopindana na magitaa. Hapo ndipo Tunisia ilipo.

Tukirudi Angra, tuna sasa kipimo cha haki. Angels Cry haikushika lugha na haikuingiza ngazi ya sauti isiyo ya Ulaya. Ilishika mapigo, na iliyashika mahali pamoja tu kwa nguvu. Wanaosema Ubrazili wake ni kidogo wana hoja ya wingi, na ninaikubali. Ninachokataa ni kwamba kidogo hicho kilikuwa pambo. Ushahidi umo katika kilichofuata. Mwaka 1996 Angra walitoa Holy Land, albamu nzima inayoizungumzia Brazili ya enzi Wareno walipofika pwani yake mwaka 1500, na humo midundo ya Kibrazili imesambaa kwenye nyimbo nyingi. Mwaka huohuo Sepultura, bendi ya metali kali iliyoanzia Belo Horizonte, ilitoa Roots, ambayo sehemu yake ilirekodiwa pamoja na Waxavante, wenyeji wa asili wa Brazili. Bendi mbili za mitindo tofauti zilifikia swali moja. Angra walifika wakiwa na jibu walilokwisha kulijaribu Hamburg: kwamba baião na miguu miwili ya dramu vinaweza kuishi ndani ya wimbo mmoja bila kimoja kuwa mtumishi wa kingine. Bila Never Understand, Holy Land ingekuwa kuruka gizani.

Utii wa albamu ya kwanza una thamani yake. Mtu hawezi kulipinda umbo asilolimudu. Akijaribu, linavunjika mikononi. Siti na wenzake waliimudu taarabu ya Misri kwanza, ndipo Kiswahili kikaketi ndani yake kwa utulivu. Angra waliimudu pawa metali mpaka wenye nayo wakakubali kuwafungulia studio. Andre Matos alifariki dunia Juni 2019 akiwa na umri wa miaka 47, na hadi leo Carry On huimbwa na umati kwenye maonesho ya metali ya Brazili kama wimbo wao, ingawa maneno yake ni ya Kiingereza. Watu wameufanya wa kwao kwa kuuimba. Hilo nalo ni jibu kwa mkaguzi.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili liko hai. Nairobi ina bendi za metali, na mwaka 2020 kundi la Duma la jijini humo lilitoa albamu yake ya kwanza kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Zitakuja nyingine, na zitakutana na wakaguzi walewale wanaotafuta marimba dakika ya tatu. Tuwape wasanii hao usikilizaji ulio bora zaidi. Tuulize wameimba kwa lugha gani na soko gani liliwaelekeza huko. Tuulize mapigo yao yanaangukia wapi. Tuulize sauti zao zinapanda ngazi ya nani. Atakayekuwa na jibu thabiti kwa swali mojawapo kati ya hayo amekwisha kuanza vizuri, kama Angra walivyoanza, na albamu ya pili itatuambia kama ana nguvu ya kujibu yaliyobaki.